Viraka Visivyorudi Kiwandani

Jamani, wiki mbili sijaandika. Si uvivu. Nilikuwa Marafa kwa binamu yangu, ambako mtandao huja na kuondoka kama homa, na nimerudi Malindi na jambo moja linanikereketa. Kwa hiyo leo hakuna hifadhidata wala seva. Leo ni pikipiki. Asiyezipenda avumilie kidogo, maana tutaishia kwenye programu vilevile.

Wanaonijua wanaujua ugonjwa wangu. Nikimaliza kazi usiku, badala ya kulala nasoma habari za pikipiki za porini, zile zinazotoka kwenye lami zikaingia mchangani bila kuuliza. Na kwa miaka mingi habari zenyewe zilikuwa chache. Yamaha walipotoa DT-1 mwaka 1968, wengine wote waliwafuata: pikipiki nyepesi ya 250cc, unaiendea kazini Jumatatu na porini Jumapili. Baadaye viwanda vikasinzia. Kawasaki KLR650 ilizaliwa 1987, ikangoja hadi toleo la 2022 ndipo ikaachana na kabureta. Suzuki DR650 ya 1996 iliuzwa kwa zaidi ya robo karne ikiwa karibu ile ile. Katika kazi yangu, programu ikikaa hivyo bila toleo jipya tunasema mwenyewe amekufa.

Siku hizi kumechangamka, lakini kwa wenye pesa. Honda CRF300L, ambayo ndiyo ya mtu wa kawaida, Marekani inapita dola 5,000. Mwishoni mwa 2021 kampuni ya Stark ya Barcelona ikaonyesha Varg: umeme mtupu, nguvu za farasi 80, na mwendeshaji anabadilisha tabia ya injini kwa simu. Niliposoma hilo nilisimama nikazunguka meza.

Halafu nikaenda Marafa, nikaona pikipiki ya porini ya kweli. Ni Boxer.

Ndiyo, Boxer ile ile ya Bajaj, ya bodaboda, unayoiona kila kona kuanzia Mtwapa hadi Gongoni. Ila ya Marafa si kama ilivyotoka dukani. Kuna fundi pale mwenye karakana chini ya mwarobaini: mashine ya kuchomelea, spana, sanduku la nati, basi. Nilikaa naye asubuhi nzima.

“Fundi, hii stendi imefanywa nini?”

“Imevalishwa kiatu, mwanangu. Mchanga wa huku haujui stendi.”

Kipande cha bati nene kimechomelewa chini ya stendi ili isizame. Nikaanza kuhesabu. Sproketi ya nyuma imebadilishwa, imewekwa yenye meno mengi zaidi, pikipiki ipungue mbio lakini ivute mchangani. Shokapu za nyuma zimeongezwa springi. Keria imerefushwa kwa chuma cha mraba, ibebe madumu manne ya maji ya lita ishirini ishirini. Shokapu za mbele zimefungwa mpira wa tyubu, vumbi lisile sili. Mbele ya injini kuna gadi ya nondo, kwa ajili ya visiki. Tairi zina meno.

Mwandishi wa programu akiona hayo hawezi kunyamaza. Kila kimoja ni ripoti ya hitilafu, na juu yake kimebandikwa kiraka. Mtumiaji amegundua tatizo, amelitatua, amelijaribu kwa miezi katika hali ngumu kuliko uwanja wowote wa majaribio. Kwenye programu huria, kiraka kizuri hurudishwa kwa mwenye programu. Naye akikikubali, toleo lijalo kila mtu anacho. Viraka vya Marafa haviendi popote. Fundi wa Bamba anakivumbua kiatu cha stendi upya. Wa Langobaya naye upya. Na kiwandani inatoka Boxer nyingine yenye stendi nyembamba ileile.

Hoja yangu basi ni hii: pikipiki ya porini inayofanya kazi nyingi zaidi Pwani haibuniwi na mwenye kiwanda. Inabuniwa na mafundi wetu, bure, na kiwanda hakisomi.

Na haikuwa lazima iwe hivyo. Wazee wanaikumbuka Yamaha AG, iliyokuwa ikipewa maafisa wa kilimo na watu wa mashirika. Ilibuniwa kwa wakulima, na inaonyesha kwamba mtu aliwauliza: cheni imefunikwa yote, stendi ziko pande mbili, keria iko mbele na nyuma. Hakuna anayeiita pikipiki nzuri ya sura. Lakini kila kitu juu yake ni jibu la swali la mtu aliyekuwa matopeni.

Wala usiniambie ujuzi haupo. Bajaj walianza kununua hisa za KTM ya Austria mwaka 2007. KTM ni wale walioshinda Dakar kwa pikipiki kila ilipofanyika kuanzia 2001 hadi 2019. Madeni yalipowakaba mwishoni mwa 2024, ni fedha za Bajaj zilizowaokoa mwaka 2025. Yaani mwenye Boxer amekaa meza moja na watu wanaoijua shokapu ya jangwani kuliko karibu wote duniani. Umbali wa kutoka meza hiyo hadi Marafa ni mkubwa kuliko wote nilioupata kwenye ramani.

Utasema: bei. Ni kweli. Boxer mpya ni takriban laki mbili, na mwenye bodaboda anahesabu kila shilingi. Lakini siombi injini mpya wala shokapu za Dakar. Naomba stendi pana, kifuniko cha cheni (hewa ya chumvi ya kwetu unaijua), na fremu yenye matundu ya kufungia keria kwa bolti ili fundi asichomelee kwenye chuma kinachobeba maisha ya watu. Maana viraka navyo vina madhara yake. Nimeona keria iliyokatika penye kiungo cha kuchomelea, na nimeona gadi iliyogeuka mkuki ajali ilipotokea. Fundi mwenyewe aliniambia asingependa kuchomelea fremu kama angepewa njia nyingine. Hajapewa.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikosesha usingizi.

Binamu yangu alinunua pikipiki yake kwa mkopo wa kulipa kila siku. Ndani yake kuna kifaa cha kuifuatilia, na usipolipa kinaizima. Sawa, mkopo ni mkopo. Usiku mmoja akaitwa kumpeleka jirani mwenye uchungu wa kuzaa. Siku hiyo alikuwa amelipa, ujumbe anao. Wakafika mahali penye mchanga mzito na pasipo na mtandao, akazima injini ili mama ashuke apumue. Kuwasha, haikuwaka. Kifaa hakikuwa kimepata habari kwamba pesa zimeingia. Akaisukuma gizani, mama akitembea nyuma amemshika dada yake, mpaka akapita mwenye pikipiki ya zamani isiyo na kifaa. Mtoto alizaliwa hospitali, wa kike, mzima. Lakini binamu yangu akisimulia bado anaangalia chini.

Sitataja kampuni. Nataka nimtaje mwandishi wa programu, kwa sababu namjua ingawa sijamwona. Ni mtu kama mimi, amekaa chini ya feni, mtandao haujawahi kumkatikia, na mahali fulani akaandika kwamba kifaa kisipopata jibu kihesabu hajalipa. Mstari mmoja tu. Angeweza kuandika kinyume chake: kisipopata jibu, acha iwake hadi kesho. Huo pia ni ubunifu wa pikipiki ya porini, tena muhimu kuliko springi. Ila huu fundi wa Marafa hawezi kuubandikia kiraka.

Ndiyo maana naziangalia pikipiki za umeme kwa furaha na hofu. Nairobi kuna Roam, zamani wakiitwa Opibus, waliobuni Roam Air papa hapa Kenya, na betri yake inabebeka mkononi. Nafurahi sana. Lakini kuna kampuni nyingine Afrika Mashariki ambako betri si yako, unabadilishana vituoni, na vituo hufuata mji na lami. Pikipiki hizo ni programu yenye magurudumu. Mwenye Boxer ya kabureta akikwama, bisibisi inatosha. Pikipiki ya programu iliyofungwa ikikosea huko ndani ya Magarini, hata fundi bora atabaki anaipapasa tu.

Kwa hiyo kwa wabunifu, wa umeme na wa petroli, mimi nina maombi matatu. Njooni mkae chini ya mwarobaini siku moja na daftari. Tengenezeni chombo ambacho fundi anaweza kukifungua, chuma chake na programu yake. Na mtandao ukikatika, muaminini mwendeshaji.

Kwa waandishi wa programu wenzangu: kabla hujaandika huo mstari, jiulize utasomwa na kifaa kilicho wapi, saa ngapi, na nani amepakiwa nyuma.

Haya, narudi kwenye hifadhidata. Stendi ya pikipiki yangu tayari imevaa kiatu.