UCHAMBUZI: Kupasuka kwa vioo vya mbele vya magari si bahati mbaya pekee

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Msafiri anayetumia Barabara Kuu ya TANZAM kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya hadi mpakani Tunduma hukutana na malori ya mizigo iendayo nchi jirani, tipa za kokoto na kifusi, mabasi ya abiria pamoja na maeneo yanayofanyiwa matengenezo. Miongoni mwa madhara ya kawaida katika safari za namna hiyo ni kioo cha mbele cha gari kupigwa na jiwe. Wengi huliita tukio hilo bahati mbaya, humlipa fundi na mambo yakaishia hapo. Hata hivyo, namna jiwe linavyokifikia kioo na namna ufa unavyokua huonesha kuwa sehemu kubwa ya madhara hayo ina chanzo kinachojulikana na inaweza kuzuilika.

Kioo cha mbele hakifanani na vioo vya milangoni. Kimetengenezwa kwa tabaka mbili za kioo zilizounganishwa na utando wa plastiki katikati, ubunifu ambao mkemia wa Ufaransa, Édouard Bénédictus, aliuombea hataza mwaka 1909. Vioo vya pembeni aghalabu hukazwa kwa joto kali na vikivunjika husambaratika kuwa punje ndogondogo. Kioo cha mbele kingefanya hivyo, dereva angepoteza uwezo wa kuona papo hapo gari likiwa katika mwendo. Utando wa katikati hushikilia vipande mahali pake na kuzuia visiwarukie waliomo ndani.

Pamoja na ubora huo, tabaka la nje linabaki kuwa kioo. Kioo huhimili sana kugandamizwa lakini ni dhaifu kinapovutwa. Jiwe lenye ncha linapogonga, nguvu yake yote hukusanyika katika eneo dogo mno. Chini ya ncha hiyo kioo hugandamizwa, lakini pembezoni mwake huvutwa, na mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho hufunguka kuwa ufa. Ndiyo maana kokoto ndogo yenye makali inaweza kuleta madhara kuliko jiwe la mviringo lililo kubwa zaidi.

Jambo la pili ni mwendo. Nguvu ya mgongano huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Jiwe lililorushwa na tairi la gari lililo mbele mara nyingi huwa linaelea tu hewani, na gari la nyuma ndilo huliendea na kuligonga kwa kasi yake lenyewe. Magari yanapopishana hali huwa mbaya zaidi. Jiwe linalodondoka kutoka kwenye lori lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa laweza kukutana na gari lenye mwendo kama huo kwa kasi inayokaribia kilomita 160 kwa saa. Kama magari yote mawili yangekuwa katika kilomita 50, nguvu ya jiwe hilohilo ingepungua kwa zaidi ya nusu. Ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa magari ya biashara yenye uzito unaozidi tani 3.5, uliowekwa na Sheria ya Usalama Barabarani, una maana hata katika suala hili dogo.

Mawe hayo hutoka wapi? Chanzo cha kwanza ni mizigo isiyofunikwa. Tipa linalobeba kokoto kutoka machimbo kama ya Lugoba mkoani Pwani, likijazwa kupita kingo na kukosa turubai, humwaga kokoto njiani kila linapopita kwenye tuta. Chanzo cha pili ni mabega ya barabara: gari linaloshuka pembeni na kurejea kwenye lami hurudi na changarawe katika tairi zake. Cha tatu ni kazi za ujenzi. Katika lami nyepesi, lami ya moto hunyunyizwa, kisha kokoto ndogo humwagwa juu yake na kushindiliwa. Zile ambazo hazikushika hubaki juu hadi zifagiliwe.

Kwa mantiki hiyo, wajibu unagawanyika. Msafirishaji afunike mzigo na asijaze kupita kiasi. Mkandarasi, awe anafanya kazi katika barabara kuu na za mikoa zinazosimamiwa na TANROADS au zile za wilaya zilizo chini ya TARURA, afagie kokoto na kuweka alama za kupunguza mwendo. Dereva naye aache nafasi ya kutosha nyuma ya lori badala ya kulikaribia akisubiri kulipita.

Mmiliki wa gari ana wajibu wa kutochelewa. Jeraha dogo la jiwe hukua kwa jua la mchana, baridi ya kiyoyozi, maji ya baridi yanayomwagwa juu ya kioo cha moto na mtikisiko wa barabara mbovu. Likiwa bado dogo, na lisipokuwa ukingoni wala mbele ya macho ya dereva, fundi anaweza kulijaza gundi maalumu inayokaushwa kwa mwanga wa urujuanimno. Vumbi na maji vikishaingia, au ufa ukirefuka, dawa ni kubadilisha kioo kizima. Ikumbukwe pia kuwa bima ndogo hailipi uharibifu wa gari la mwenye bima; mwenye bima kubwa asome masharti yake kuhusu vioo.

Kuahirisha matengenezo si suala la fedha tu. Usiku, mwanga wa taa za gari linalokuja hutawanyika kwenye ufa na kumficha mtembea kwa miguu. Aidha, kioo cha mbele husaidia kuimarisha paa gari linapopinduka.

Yupo pia mtumiaji wa barabara asiye na kioo chochote mbele yake. Kokoto inayopasua kioo cha gari ndiyo hiyohiyo inayomfikia usoni dereva wa bodaboda na abiria wake. Kofia ngumu yenye kioo kilichoshushwa humkinga kwa kiasi, lakini kinga iliyo bora ni jiwe kutokuwepo barabarani. Turubai juu ya tipa, ufagio wa mkandarasi na mwendo wa wastani ni hatua zenye gharama ndogo kuliko kioo kipya, na ndogo zaidi kuliko jicho la mtu.