Jumba la Sinema na Majini Wake: Fasihi Inayopuuzwa

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hata hivyo, fasihi simulizi inapofundishwa vyuoni, lisemwalo mjini aghalabu halisikilizwi. Mwanafunzi hutumwa kijijini kukusanya ngano za sungura na fisi, ilhali njiani hupita majumba makongwe yaliyosheheni visa vya majini bila ya kugeuza shingo.

Chukua mfano wa jumba la sinema la Majestic, Vuga, katika Mji Mkongwe wa Unguja. Hapo palifunguliwa ukumbi wa Royal mwaka 1921. Uliteketea kwa moto mwaka 1954, na mwaka uliofuata pakasimama Majestic. Mwanahistoria Laura Fair, katika Reel Pleasures (2018), anaonyesha jinsi sinema zilivyotawala starehe za miji ya Tanzania: familia zilijipamba, tiketi ziligombaniwa, na filamu za Kihindi kama Awara (1951) zikajadiliwa barazani. Kisha zikaja televisheni na video. Watazamaji walipungua, taa zikazimwa, paa likaanza kuporomoka.

Pwani huaminiwa kwamba nyumba ikihamwa na watu huhamiwa na majini. Imani hii ina kazi. Kisa cha jini humzuia mtoto asiingie gofu linaloweza kumwangukia. Humkumbusha mkubwa kwamba hapo palikuwa na watu na vicheko. Fauka ya hayo, huulaumu uzembe bila ya kumtaja mzembe.

Wapo watakaodai kwamba kuvitafiti visa hivi ni kuukuza ushirikina. Hoja hiyo haina mashiko. Anayerekodi ngano ya zimwi haulizwi kama anaamini mazimwi. Huko Gede, karibu na Malindi, James Kirkman, aliyeanza uchimbuzi wake mwaka 1948, aliandika kwamba mwanzoni alihisi kana kwamba kuna kitu kinachomtazama nyuma ya kuta. Kukiri huko hakukuidhuru akiolojia hata chembe. Mwaka 2024 magofu hayo yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Tatizo halisi ni la uainishaji. Visa hivi si ngano, kwani msimulizi huvitoa kama kweli tupu. Si visasili, wala si visakale vya majagina. Kwa kuwa havina kapu, hutupwa. Isitoshe, sinema ya Kihindi nayo ina mizimu yake, mathalani katika Mahal (1949). Je, jini wa ukumbini alitoka baharini, au alishuka kutoka kwenye pazia? Hilo ni swali la mwanafasihi, na jibu lake limo vinywani mwa wazee.

Jengo laweza kukarabatiwa hata baada ya miongo mingi, msimulizi hakarabatiwi. Aliyekuwa na umri wa miaka kumi Majestic ilipofunguliwa, leo ana takriban miaka themanini. Idara za Kiswahili hazina budi kuitambua mitaa ya mji kuwa uwanja halali wa utafiti, na kumtuma mwanafunzi huko akiwa na kinasasauti kabla ya baraza kubaki tupu kama ukumbi wenyewe.