Nani Aliyemgeuza Mwana Kuwa Mdudu?

Kuna maneno yanayosemwa sana juu ya kisa mashuhuri cha Franz Kafka, na sisi twaona maneno hayo si ya haki. Kisa chenyewe, kiitwacho kwa Kijerumani Die Verwandlung, yaani Mageuko, kilichapishwa mwaka 1915. Chaeleza habari za kijana mmoja, Gregor Samsa, aliyeamka asubuhi nyumbani kwa wazazi wake akajiona amekuwa mdudu mkubwa wa kuchukiza. Baada ya miezi michache akafa chumbani mwake, na mtumishi akamwondoa kama taka.

Basi wako wasemao: kisa hiki chafundisha kuwa mwanadamu ni mgeni duniani, hana wake wala hana kwao, na upweke ndio asili yake. Hao ni wale walioathiriwa na falsafa ya udhanaishi, iliyovuma sana Ulaya katika miaka ya 1940, wakati waandishi kama Albert Camus wa Ufaransa walipokuwa wakiandika juu ya Kafka. Na wako wengine, watu wazima wenye nia njema, wasemao: haya ni mapuuza, mtu hageuki mdudu, vijana wasipotezewe wakati wao. Sisi twasema makundi yote mawili yamekosea, na kosa lao ni moja. Wote wamemtazama mdudu, hawakuitazama nyumba.

Haya, natuitazame nyumba.

Baba yake Gregor alikuwa mfanya biashara, na biashara yake ikaanguka. Gregor, aliyekuwa karani mdogo, akaingia kazi ya kusafiri mji hadi mji kwa gari la moshi, akiuza vitambaa. Tajiri wake ndiye aliyekuwa akiwadai wazazi wake, na Gregor alihesabu kuwa deni hilo litamchukua miaka mingine mitano au sita kulimaliza. Katika miaka mitano ya kazi hakuugua hata siku moja. Alipoanza kuleta fedha na kuziweka mezani, nyumba nzima ilistaajabu na kufurahi. Baadaye wakazoea. Wao wakipokea kwa shukrani, naye akitoa kwa moyo mkunjufu, lakini lile joto la mapenzi halikuwako tena. Hayo ameyaeleza Kafka mwenyewe, si sisi tuliyoyazua. Na yote hayo yalikuwa kabla Gregor hajawa mdudu!

Kisha tazama lililo zito zaidi. Gregor alipokwisha kugeuka, baba alikaa na mkewe na binti yake akawafafanulia hesabu za nyumba. Kumbe ilikuwako akiba iliyosalia tangu siku za biashara. Na kumbe hata katika fedha alizokuwa akileta Gregor kila mwezi, kulikuwa na zilizobaki zikawekwa. Gregor alisikia hayo akiwa nyuma ya mlango. Fedha hizo zingaliweza kulipunguza deni la tajiri na kuikaribisha siku ya kuiacha kazi ile iliyokuwa ikimmaliza. Hakuambiwa. Tena maskini wa Mungu, badala ya kukasirika, aliona baba yake amefanya vyema!

Twawauliza wale wa falsafa: upweke huu umetoka wapi? Je, ni maumbile ya mwanadamu? La, hasha! Umetoka katika sanduku la fedha lililofichwa na mdomo uliofungwa. Ni upweke uliotengenezwa nyumbani, kwa mikono ya watu wanaojulikana majina.

Wala wasituambie kuwa jamaa hao hawakuwa na la kufanya. Gregor alipoacha kuleta mshahara, baba aliyekuwa akishinda kitini akawa tarishi wa benki, kavaa sare yenye vifungo vya kung'aa, kasimama wima. Mama akashona nguo za ndani kwa ajili ya duka. Binti, Grete, akaajiriwa dukani, na usiku akijifunza hati mkato na Kifaransa. Nguvu walikuwa nazo miaka yote, ila zililala, maana palikuwa na mmoja wa kubeba wote.

Ama Grete, umbu lake, habari zake ndizo za kusikitisha zaidi. Yeye ndiye aliyempelekea chakula mwanzoni, akachunguza anachopenda na asichopenda. Na Gregor alikuwa amekwisha azimia kumpeleka chuo cha muziki akasomee fidla, akingoja usiku wa kuamkia Krismasi alitangaze jambo hilo. Lakini siku zilipopita, huruma ilichakaa. Usiku mmoja Grete alikuwa akiwapigia fidla wapangaji watatu waliopokewa nyumbani, Gregor akavutwa na sauti ile akatokeza. Hapo Grete akawaambia wazazi wake kuwa hiki kiumbe lazima kiondolewe. Na kwamba kingekuwa ni Gregor kweli, kingekwisha jiondokea chenyewe. Alfajiri Gregor akafa, na mwilini mna tufaha alilorushiwa na baba yake mzazi. Kulipokucha, baba akasema sasa yafaa kumshukuru Mungu.

Wazee husema, mchuma janga hula na wa kwao. Gregor alichuma riziki akala na wa kwao, lakini janga lilipomshukia alilila peke yake, mlango umefungwa.

Mtu aweza kutujibu: nyinyi mngefanyaje, mdudu kama yule akiwa ndani? Swali hili lina haki yake. Jamaa wale walitishika, walichoka, walikuwa na kazi za mchana na aibu mbele ya wageni, na Kafka hakuyaficha hayo. Lakini kumbukeni kuwa mwaka 1915, kitabu kilipokuwa kikitayarishwa, Kafka alimwandikia mchapishaji wake akimsihi mdudu asichorwe katika jalada. Sisi twafahamu muradi wake hivi: mahali pa mdudu yule, kila msomaji atamwona amjuaye. Atamwona aliyepooza, au mzee aliyepotewa na fahamu, au kijana aliyeachishwa kazi akarudi nyumbani mikono mitupu.

Na kwa insafu, Gregor naye hatumtoi lawamani. Alizoea kufunga milango yake kwa ufunguo hata kwao. Taabu ya kazi hakumweleza yeyote, na wema wake kwa umbu lake aliufanya siri. Mwenye kutoa fedha asitoe habari zake, huwafunza jamaa kuupenda mkoba wake.

Kafka hakuyaokota haya njiani. Alizaliwa mwaka 1883 katika mji wa Prague, uliokuwa wakati huo chini ya dola ya Austria na Hungaria, katika nyumba ya Kiyahudi iliyosema Kijerumani. Baba yake, Hermann, alikuwa mwenye duka, mtu mkali. Kuanzia 1908 hata 1922 Kafka alifanya kazi katika ofisi ya bima ya ajali za wafanyakazi, akishughulika na habari za watu walioumia viwandani. Oktoba 1912 jamaa zake walimshikilia ausimamie kiwanda cha asbesto ambacho nyumba yao ilikuwa na fungu ndani yake, na hata Ottla, mdogo wake aliyempenda sana, akawa upande wa wazazi. Dhiki ile ilimfikisha pa kuwaza kujiua. Mwezi uliofuata akaanza kukiandika kisa hiki. Mwaka 1919 alimwandikia baba yake barua ya kiasi cha kurasa 100. Max Brod, rafiki yake, amesimulia kuwa Kafka alimpa mama aipeleke, na mama akairudisha. Barua haikufika. Akafa mwaka 1924.

Sasa, msomaji, litazame tukio la mwisho la kisa. Gregor amekwisha ondolewa. Baba, mama na binti wamepanda tramu waenda nje ya mji kupunga hewa, jua lawaka, nao wanazungumza juu ya kazi zao na nyumba ndogo watakayohamia. Ndipo wazazi wanapomwona binti yao amekuwa mwanamwali mzuri, wakawaza kuwa wakati umefika wa kumtafutia mume. Wengi husema huo ni mwisho wa furaha. Sisi twaogopa tukiusoma, maana macho yale yanayompima Grete ndiyo yale yale yaliyompima Gregor.

Basi kijana akija na kitabu hiki nyumbani, usimpokonye, wala usimwache aambiwe kuwa upweke ni ada ya ulimwengu. Kaa naye mkisome. Kisha mtafute yule wa nyumbani mwako ambaye kwa muda mrefu hujamwuliza neno ila la fedha, umwulize habari zake, leo, angali ana sauti ya kukujibu.