Mtaji wa Karatu uko kwa fundi, si ndani ya belo

Kila inapokaribia tarehe 7 ya mwezi, siku ya mnada wa Karatu, wafanyabiashara wadogo huulizana swali lile lile: mtu mwenye laki chache mkononi anunue belo la mitumba, au asubiri? Jibu la ukurasa huu ni kwamba afikiri mara mbili. Mitumba ina wateja na itaendelea kuwa nao. Lakini katika biashara nzima ya vitu vilivyokwisha kutumika, faida ya uhakika kwa mwenye mtaji mdogo haipatikani kwa kufungua mzigo uliofungwa ng'ambo. Inapatikana kwa kukigeuza kitu kilichochakaa kiwe kitu kingine ambacho nyumba inakihitaji kesho asubuhi.

Mtazame kwanza mlaji mwenyewe. Ingia katika nyumba ya kawaida pembezoni mwa mji, au upande wa Rhotia au Oldeani. Maji yamehifadhiwa katika madumu ya njano ya lita 20 yaliyokuja mjini yakiwa na mafuta ya kula. Jiko la mkaa limekatwa kutoka kwenye pipa. Mlango wa banda la kuku ni bati lililokwisha kustaafu juu ya nyumba kubwa. Kisu cha jikoni kilikuwa springi ya gari. Mzee amevaa katambuga, na sare ya mtoto imepunguzwa kutoka shati la kaka yake. Hata bei ya maji kwa mchuuzi huhesabiwa kwa dumu, kana kwamba dumu ni kipimo kilichotungwa na serikali.

Wako wanaoitazama nyumba hiyo wakaona umaskini tu. Umaskini upo, hatukatai, lakini ndani yake kuna hesabu kali kuliko ya maduka mengi yenye leja. Sisi tuliosomea biashara tulifundishwa uchakavu wa mali: unanunua kifaa, unapunguza thamani yake mwaka hadi mwaka, na mwisho kinabaki na thamani ndogo ya mabaki ambayo mhasibu haijali sana. Mama wa Karatu anaanzia pale mhasibu anapofunga kitabu. Kwake thamani ya mabaki ndiyo bei ya kuanzia.

Chukua viatu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Msomaji aweke bei za soko lake. Kandambili za plastiki za shilingi 5,000 zikidumu miezi minne, mvaaji analipa shilingi 1,250 kwa mwezi. Katambuga za shilingi 10,000 zikidumu miaka miwili, analipa kama shilingi 417. Kiatu kilicho ghali mara mbili dukani kimekuwa rahisi mara tatu mguuni. Mfugaji anayetembea na ng'ombe kwenye miiba hahitaji kuonyeshwa hesabu hiyo ubaoni, na ndiyo maana katambuga hazikufa hata soko lilipojaa viatu vya bei poa.

Sasa turudi kwenye belo. Bajeti ya mwaka 1984 iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha za kigeni walizokuwa nazo wenyewe, nguo zilirudi sokoni baada ya miaka ya foleni na vibali, na mitumba ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizomwagika. Wazee wanakumbuka jinsi ilivyowavisha watu waliokuwa wakishona kiraka juu ya kiraka. Viwanda vya nguo vilivyojengwa kwa jasho la umma, kama vile Kiltex ya Arusha, vilidhoofika katika kipindi hicho, ingawa ni haki kusema kwamba umeme, vipuri na uendeshaji mbovu vilikuwa vimeanza kuviua kabla. Ubishi huo ni mrefu na hatutaumaliza hapa.

Kwa mwenye mtaji mdogo jambo la kupima ni hatari. Belo hununuliwa limefungwa. Tuseme ni la kilo 45, bei shilingi 600,000, ndani kuna vipande 250. Kwenye karatasi kila kipande kimekugharimu shilingi 2,400. Ukilifungua ukakuta moja ya tano imechanika, ina madoa au ni saizi isiyo na mwenyewe, unabaki na vipande 200 na gharama imepanda hadi shilingi 3,000. Hasara ya moja ya tano imepandisha gharama kwa robo nzima, kabla ya nauli ya kutoka Moshi au Arusha, ushuru wa meza na chakula cha mchana. Anayekuuzia hajulikani mlangoni pake, na aliyefunga mzigo yuko nchi nyingine. Utamdai nani?

Juu ya hayo kuna dola. Mzigo hulipiwa nje kwa fedha za kigeni, na shilingi ikiyumba, bei ya belo hupanda wakati mkulima wa vitunguu wa Mang'ola hajaongezewa hata senti. Kuna siasa pia. Machi 2016, Wakuu wa Nchi za Afrika Mashariki walikutana Arusha wakaagiza uingizaji wa mitumba upunguzwe hadi uishe katika miaka mitatu. Wauza mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na nchi zetu zikaambiwa zinaweza kupoteza nafasi ya kuuza bidhaa huko bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Tanzania, Kenya na Uganda zilirudi nyuma. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, ilishikilia msimamo, na Julai 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Mwaka 2020 Kenya ilizuia mitumba kuanzia Machi hadi Agosti kwa sababu ya korona. Agosti 2023 Rais Museveni wa Uganda akatangaza tena kwamba anaipiga marufuku. Hatusemi kesho Tanzania itafanya hivyo. Tunasema mchuuzi wa Karatu ameweka laki zake sita mahali ambapo mkutano mmoja wa wakubwa unaweza kuzigusa, naye hatapewa nafasi ya kusema.

Linganisha na fundi. Malighafi yake iko barabarani. Karatu ni lango la Ngorongoro, na magari ya watalii yanayopita kila siku kwenda kreta na Serengeti yanakula matairi, springi na betri kwa kasi ambayo miji mingi mikubwa zaidi haiijui. Hoteli na kambi zinatupa makreti, chupa, mapipa na magodoro. Hakuna dola inayohitajika kuvinunua, na mnunuzi anakiona kitu kwa macho kabla ya kutoa fedha.

Ukitaka kuona ustadi wenyewe, nenda Mang'ola karibu na Ziwa Eyasi. Wahunzi wa Kidatoga huyeyusha kufuli mbovu na koki za maji kwa moto wa mkaa na mivukuto ya ngozi, wakatoa bangili. Msumari wa kawaida wanaugonga ukawa kichwa cha mshale, na Wahadzabe huvichukua vichwa hivyo kwa kubadilishana na asali na ngozi. Siku hizi watalii nao wanafika na bangili zinauzwa papo hapo. Kufuli ambayo dukani haina bei inaondoka ikiwa pambo. Mjini Arusha, karakana ya Shanga, iliyoanza mwaka 2007, inayeyusha chupa tupu ikatengeneza vyombo na mapambo kwa mikono ya mafundi wenye ulemavu. Wateja wake ni wageni, kwa hiyo si mfano wa jikoni kwetu, ila unaonyesha umbali ambao chupa inaweza kusafiri katika bei.

Kwa nyumba ya kawaida, bidhaa ambayo ukurasa huu ungeitupia macho kwanza ni jiko. Jiko la bati tupu ni rahisi kununua na ghali kuliweka. Lile lililowekwa udongo wa kuchomwa ndani, ambalo mafundi wa Nairobi walilieneza tangu miaka ya 1980 na hapa kwetu likaitwa jiko bora, linaweza kuokoa robo ya mkaa au zaidi likitengenezwa na kutumiwa vizuri. Nyumba inayotumia mkaa wa shilingi 40,000 kwa mwezi, tena kwa mfano, ikiokoa robo inabakiza shilingi 10,000. Jiko la shilingi 20,000 limejilipa kwa miezi miwili. Hakuna shati la mtumba linaloweza kumpa mama marejesho ya namna hiyo. Chuma ni kilekile cha pipa. Kilichoongezeka ni udongo na ujuzi.

Kwa nini basi mafundi hawa hawatajiriki? Kwa sababu fundi anafanya kazi ya siku kwa siku. Anapokea malipo ya awali, ananunua bati la jiko moja, analimaliza, anatafuta mteja mwingine. Hana akiba ya malighafi wala bidhaa iliyokamilika mezani siku ya mnada, siku ambayo mtu wa Endabash au wa Mbulumbulu amekuja na fedha na hawezi kungoja hadi Jumatano. Pengo hilo ndilo nafasi ya mwenye laki sita. Anunue mapipa kumi kwa mpigo, avipate vyungu vya udongo kwa jumla, akubaliane na mafundi wawili bei ya kila jiko, na tarehe 7 apange majiko thelathini chini ya turubai. Kama hayakuisha, hayaozi na hayapitwi na mtindo.

Katika katambuga, tahadhari moja. Fundi anapenda tairi la nyuzi za nailoni, linalokatika kwa kisu chenye makali. Matairi mengi ya siku hizi yana waya wa chuma ndani. Ni magumu kukata na ncha za waya humchoma mvaaji. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimama mwaka 2009, na tangu hapo tunavaa matairi ya watu wengine. Kwa hiyo si kila tairi linalotupwa na gari la watalii ni malighafi, na tairi la nailoni limeanza kuwa na wenyewe.

Tahadhari ya pili ni kubwa zaidi. Vyuma chakavu vina wezi wake. Alama ya barabarani, mfuniko wa chemba, koki ya kisima cha kijiji, vyote hupimwa kwenye mizani kama chuma kingine, na anayenunua bila kuuliza vimetoka wapi anaiuza jamii yake. Anaweza pia kulala polisi. Mwenye mtaji aandike jina la kila anayemletea, hata kama ni mtoto mwenye kufuli tatu. Halmashauri nayo ingefanya jema kuwatengea mafundi eneo lenye paa ndani ya uwanja wa mnada badala ya kuwakuta ukingoni mwa barabara na kuwadai ushuru sawa na mwenye duka.

Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea kuanzia tarehe 1 Juni 2019, watu wenye cherehani ndio waliowahi. Walichukua viroba vya unga na vya mbolea, wakavikata, wakavitia mikanda, wakaviuza. Belo halina ujanja huo; ukifungua ukakuta makoti ya baridi, unauza makoti ya baridi. Kwa bahati Karatu kuna baridi mwezi wa Juni na Julai, na kama kuna msomaji aliyekwisha kununua, basi aingize mzigo huo kabla mahindi hayajavunwa, maana wakati huo wachuuzi ni wachache, na mnunuzi mwenye fedha ya vitunguu bado yuko sokoni.