Jengo la Kijani na Fundi Aliye Juu ya Paa



Huko Marekani vyuo vikuu vina majumba makubwa ya mazoezi na michezo, ambamo wanafunzi hukimbia, huogelea na kunyanyua vyuma baada ya masomo. Majumba hayo hula umeme na maji kama kiwanda. Bwawa hupashwa moto, mabafu hutiririsha maji moto mchana kutwa, na taa huwaka hadi usiku. Kwa sababu hiyo wasanifu wa huko wamekuwa wakiyajenga kwa namna wanayoiita jengo la kijani, yaani jengo linalotumia kidogo na kuchafua kidogo. Mtu atauliza, sisi wa viwandani na mashambani yanatuhusu nini? Yanatuhusu, kwa sababu ndani ya sifa hizo kuna mtu aliyesahauliwa, naye ni mwenzetu.

Nianze na kichekesho. Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, katika mji wa Corvallis, kilifunga kwenye mashine za mazoezi za jumba lake la Dixon vyombo vya kugeuza nguvu za miguu kuwa umeme. Sasa tupige hesabu za kikabwela. Mtu akikanyaga mashine namna hiyo kwa nusu saa hutoa kama wati-saa 50. Akikanyaga saa nzima, 100. Kuchemsha lita moja ya maji kunataka karibu kiasi hicho hicho. Kijana ametoka jasho saa nzima, amepata birika moja la chai, na majani bado hayajatiwa! Sisemi ni jambo baya, huenda linamfundisha thamani ya umeme. Mwenzetu anayetia kuni kwenye tanuri la kiwanda cha chai hahitaji somo hilo.

Akiba ya kweli hupatikana kwa vitu visivyopigwa picha. Lita moja ya maji ikipanda hewani kama mvuke kutoka bwawani huondoka na joto la kama wati-saa 650, yaani jasho la wanafunzi sita au saba kwa saa nzima. Ukilifunika bwawa usiku kwa turubai lake, umeokoa kuliko mashine zote zile. (Na huyo anayevuta turubai saa nne za usiku, mkumbuke.) Vivyo hivyo madirisha ya juu yanayoleta mwanga wa jua mpaka katikati ya ukumbi, kuta zilizokingwa na jua la mchana, na matundu ya paani ya kutolea hewa moto. Hewa ya moto hupanda juu. Ukiipa njia ya kutokea huhitaji kuipigania kwa mashine. Elimu hiyo wazee wetu walikuwa nayo kwenye nyumba za makuti na nyasi, kisha tukaja kufungiwa chini ya bati.

Lakini tazameni namna sifa zinavyogawanywa. Marekani kuna utaratibu wa kupima majengo uitwao LEED. Katika toleo lake la mwaka 2009 jengo liliweza kupata hadi alama 110, na likifika 80 lilipewa daraja la juu kabisa, la platinamu. Kuweka mahali pa baiskeli na pa kubadilishia nguo kulikuwa na alama. Rangi na gundi zisizotoa mvuke mkali nazo zilikuwa na alama, na hapo nawasifu bila kinyongo, kwani wa kwanza kuvuta mvuke huo ni mpaka rangi. Bali fundi kushuka paani mzima jioni hakukuwa na alama hata moja.

Mwaka huo huo watafiti watatu, mmoja wao John Gambatese wa chuo hicho hicho cha Oregon, walilinganisha ajali katika ujenzi wa majengo ya kijani na ya kawaida. Hawakuona kuwa ya kijani yalikuwa salama zaidi kwa mafundi. Wenzao wa Colorado, mwaka 2012, walieleza sababu: kufunga mitambo ya jua humweka fundi juu ya paa muda mrefu zaidi, na kuchambua mabaki ya ujenzi ili yatumike tena humkata mikono. Mwaka 2015 LEED iliongeza alama ya majaribio kwa wasanifu wanaofikiria usalama wa wafanyakazi tangu kwenye ramani. Ni ya hiari. Sisi tunaifahamu hiari ya mwajiri.

Jengo likishakwisha, shida huhamia kwa wahudumu. Dawa ya klorini ikichanganyika na jasho la waogeleaji hutoa hewa inayowasha macho na kifua. Mwogeleaji hukaa saa moja akaenda zake. Mlinzi wa bwawa na mfagiaji wamo humo siku nzima. Ukilifunga jengo ili joto lisitoke, nawe ukapunguza hewa mpya kwa kubana matumizi, umeokoa umeme kwa mapafu ya mfagiaji.

Kiwanda nilichoanzia kazi, ambacho sikitaji jina, kilikuwa na bati tupu, na madirisha ya upande wa jua la magharibi peke yake. Saa tisa mchana watu walikuwa wakianguka kwa joto. Tulipodai matundu ya paani tuliambiwa ni anasa. Kumbe anasa hiyo ndiyo inayopewa medali vyuoni Marekani, tena kwa sababu inapunguza gharama!

Basi makatibu wa matawi wawe na hoja hii mkononi. Mwajiri akitangaza kupanua kiwanda au kujenga ghala jipya la kukaushia, kamati ya afya na usalama iombe kuiona ramani kabla msingi haujachimbwa. Waulize hewa moto itatokea wapi, mwanga utaingilia wapi, na fundi wa kusafisha paa atafunga kamba yake kwenye nini. Chuma cha kufungia kamba kikiwekwa wakati wa kuezeka, gharama yake ni ndogo. Likishaezekwa, utaambiwa fedha zimekwisha.