Mbuyu una faida zaidi ukiwa wima

MBUYU haupandwi wala haupaliliwi katika vijiji vingi vya Kaunti ya Kilifi. Hata hivyo, mvua inapokosekana na mahindi kunyauka, mti huo huendelea kuzaa, na mabuyu huwapa wenyeji fedha za unga na karo.

Thamani yake ilizua mjadala mwaka wa 2022, mibuyu ilipong'olewa Kilifi ili isafirishwe hadi nchini Georgia kupamba bustani. Iliripotiwa kuwa wenye mashamba walilipwa kati ya Sh100,000 na Sh300,000 kwa mti. Mnamo Novemba mwaka huo, Rais William Ruto aliagiza Wizara ya Mazingira ichunguze iwapo kibali kilizingatia Mkataba wa Nagoya, unaotaka faida ya rasilimali za aina hiyo igawanywe kwa haki.

Si haki kuwalaumu waliouza. Mzazi anayedaiwa karo hawezi kupuuza kitita kama hicho, hasa ikiwa mabuyu yenyewe humletea senti chache.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Mwanakijiji anayehatarisha maisha kwa kuukwea mti huuza mabuyu kwa gunia, kwa bei anayotaja mchuuzi. Yakifika Mombasa, kokwa hupikwa kwa sukari na rangi, zikauzwa kwa vipakiti madukani na mitaani. Aidha, Umoja wa Ulaya uliidhinisha unga wa ubuyu kutumika katika vyakula mwaka wa 2008, na Marekani ikafuata mwaka wa 2009. Soko limepanuka, lakini faida kubwa huvunwa mbali na mti.

Marufuku pekee hayatauokoa mbuyu. Wavunaji wakiungana kuuza kwa kilo, na wakipata vifaa vya kupasua, kuchekecha na kukausha ubuyu vijijini mwao, sehemu ya faida hiyo itabaki nyumbani. Serikali ya kaunti ina wajibu wa kuwafungulia njia.

Wahenga walinena kuwa hata mbuyu ulianza kama mchicha. Lakini safari hiyo ni ndefu: mti huo huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa, na waweza kuishi zaidi ya miaka 1,000. Anayeuuza hula mara moja. Vitukuu vyake ndivyo vitakavyolala njaa. Tunda likilipa vyema, hakuna atakayetamani kuuza shina.