Ile chupa ya amoksilini juu ya kabati (Sehemu ya 6)

Mama mwenzangu wa Mkwajuni, leo tuongelee ile chupa. Unaijua. Mtoto aliumwa, akaandikiwa amoksilini, siku ya tatu akaanza kucheza, ukaifunga ukaiweka juu ya kabati. Sasa mdogo wake ana mafua, unataka kuifungua.

Sikulaumu. Kutoka machimboni au shambani mpaka kituo cha afya ni nauli na siku nzima, wakati dukani unauziwa nusu dozi kwa hela uliyonayo. Ila nakwambia ukweli: hiyo nusu dozi itakuja kukugharimu kuliko nauli.

Mafua na vikohozi vingi vya watoto vinaletwa na virusi. Antibayotiki haiui virusi hata kidogo. Inaua bakteria dhaifu waliomo mwilini, wale sugu wanabaki, wanazaana na kuhamia kwa wengine hapo nyumbani. Siku mtoto akipata nimonia kweli, dawa inagoma.

Muhimbili walifuatilia watoto waliolazwa mwaka 2001 na 2002 wakishukiwa kuwa na maambukizi makali. Kati ya waliokutwa na bakteria kwenye damu, zaidi ya theluthi walifariki, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wale ambao bakteria wao walishaizoea dawa waliyopewa. Hiyo ni zaidi ya miaka 20 iliyopita.

Na sisi wahudumu tuna makosa yetu. Mara nyingine tunaandika antibayotiki ili tu mama asiondoke mikono mitupu. Kwa hiyo tuulize bila woga: "Nesi, hii ni ya bakteria kweli?"

Nyumbani fanya hivi. Mtoto akikohoa, mhesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, mlete. Kifua kikibonyea ndani, akishindwa kunyonya, akipata degedege, au ni kichanga chini ya miezi 2 mwenye homa, usisubiri kukuche. Akiharisha, mpe ORS na zinki siku 10. Ukiona damu, mlete.

Akiandikiwa dozi, ampe mtu mmoja nyumbani, kwa saa na kwa siku zote alizoandikiwa.

Na ile chupa usimpe mdogo wake. Ukija kliniki, njoo nayo.